Nyuma ya Jiko la Chuo

Tukuyu haijui kukauka.
Hata simu yangu ina ukungu ndani ya kioo,
na chini ya ukungu huo, ujumbe:
umedahiliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja,
mwisho saa sita usiku.

Kimoja kiko mbali, kwenye joto.
Programu yake ya sayansi ya udongo
inatajwa ya kwanza; mjomba Ambakisye
amekwisha kuwatangazia waumini wote
kabla ya sadaka ya pili.
Kingine ndicho hiki, juu ya mteremko,
mabweni mawili, darubini tatu,
moja haina jicho.

Lakini hiki kinanijua.
Hapa mama amepika miaka kumi na tisa.
Nilibebwa mgongoni kwenye moshi wa maharage,
nikatambaa chini ya madirisha ya darasa,
nikaokota vipande vya chaki
nikidhani ni pipi,
na mpaka leo nikisikia neno elimu
ulimi unanikauka kidogo.

Hapa Mwalimu Kihwele,
aliyekuja kutoka Iringa kwa mwaka mmoja akazeekea hapa,
alinifundisha kuulowesha udongo kiganjani,
kuuviringisha uwe utepe,
kuangalia unapokatikia.
"Huu mfinyanzi. Huu tifutifu. Huu mwongo,
juu mweusi, chini mchanga mtupu."
Alipouona ujumbe alivua miwani,
akaifuta kwa tai, akaivaa, akausoma tena.
"Kule wana mashine," akasema.
"Unaitia kijiko kimoja tu, inakutapikia
chuma, chokaa, naitrojeni,
wewe unakunywa chai."
Hakusema niende. Hakusema nibaki.
Alinong'ona tu jina la ile mashine, mara mbili,
kama anayetaja mchumba aliyeolewa na mwingine.

Saa tisa alasiri nilichagua hapa.
Saa kumi nilichagua kule.
Saa kumi na moja mvua ikanichagulia kukaa,
nikafurahi, halafu nikaona aibu:
ninakipenda chuo,
au ninaogopa mahali ambapo hakuna
anayejua kwamba sili kitunguu?

Mama anachambua maharage, hainui kichwa.
"Usibaki kwa ajili yangu.
Mimi mwenyewe nilitaka kuwa karani wa posta.
Ukibaki kwa ajili yangu
nitakuangalia kila siku unavyokula
na chakula hakitakushuka."
Kisha, baada ya kokoto tatu kulia kwenye sahani:
"Ukibaki kwa ajili yako, baki.
Mimi nitaijua tofauti."

Mtandao hushika mahali pamoja tu:
nyuma ya jiko la chuo, juu ya tofali,
karibu na tangi la maji, mkono ukiwa juu
kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka.
Hata kukiacha chuo hiki
lazima nisimame ndani yake.
Saa tatu usiku nilikuwa pale,
matone ya mparachichi yakinidondokea shingoni.
Nikaandika tarakimu sita. Za kule.
Kidole kikakaa juu ya tuma
muda wa kutosha viazi kuiva.

Nikatuma.
Duara dogo likazunguka, likazunguka,
mtandao ukakatika. Nikapumua.
Nikasema basi, mlima umekataa,
Rungwe wenyewe umekataa.
Simu ikatetemeka:
umethibitisha.

Sikulia. Nilichutama,
nikachota udongo wa pale, wenye majivu ya jiko,
nikauviringisha utepe kama nilivyofundishwa.
Ukafika urefu wa kidole cha mwisho, ukakatika.
Mfinyanzi, nusu. Nusu ile nyingine ni moto wa mama
wa miaka kumi na tisa,
na sijui mashine itauandika kwa jina gani.

Kengele, ile rimu ya lori la zamani,
ikagongwa kuwaita watu kujisomea.
Miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe.
Nikaiacha iende
mpaka mlangoni.